Fundi dakani, mimi chooni

Fundi alikaa dakani, kibarazani pa mlango wa mbele, na kikombe chake cha kahawa, mimi nilikuwa choo cha juu na spana mkononi, na baina yetu palikuwa na tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), ngazi yenye vidato visivyolingana, na mpwa wangu wa miaka 9 aliyepanda na kushuka kupeleka maneno; fundi yeye humwita Ami.

"Ami asema ulegeze ile ya juu kwanza."

"Mwambie ipi? Zote ziko juu."

Mbio chini. Mbio juu.

"Asema ile kama kikombe cha kahawa kilichofudikizwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutengeneza mfereji, yaani koki ya maji, unaotona, mtaani Mkomani, Lamu, nikiwa na miaka 40 na ushei, baada ya maisha mazima ya kuamini kwamba kazi hiyo hufanywa na mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine alikuwa baba. Alipofariki, mama aliingia eda, ule muda wa mjane kujitenga, na eda ya mfiwa ni miezi 4 na siku 10 kwa mwezi wa kuandama, yaani siku 128 hivi. Siku ya 18 mfereji wa choo cha juu ukaanza kutona. Nilimwita fundi tuliyemjua tangu utotoni, mzee aliyepitisha mabomba ya nusu ya nyumba za mtaa ule. Akaja mpaka dakani, akabisha hodi, akatoa mkono wa rambirambi, kisha akaketi kwenye baraza na kusema hapiti hapo. Nyumba yenye eda haingii. Nikamwambia mama anaweza kukaa ndani na kufunga mlango, sheria haikatazi fundi kupita. Mama, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia la msana, ukumbi unaotazama ua, akasema mwache mzee wa watu, tutasubiri nitoke eda, kwani kutona ni nini? Tutakinga ndoo.

Hoja ya mama ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka kukubali. Ukikinga ndoo hakuna kinachopotea. Maji ya kutona huoshea vyombo sawasawa na maji mengine. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na usiku ule sikulala. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene mno, sauti ya nje haiingii kirahisi, na kwa sababu hiyo hiyo sauti ya ndani haina pa kwenda. To. To. To. Niliitazama saa: tone moja kila sekunde, karibu bila kukosea. Nikaweka ndoo tupu saa tatu usiku, nikaipima kwa chupa ya lita moja saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kutia udhu. Lita 7 na kidogo. Kwa saa 24 ni lita 21 na ushei, dumu zima la lita 20 na juu yake. Zilikuwa zimebaki siku 110. Nilimpelekea mama hesabu pamoja na chai: zaidi ya lita 2,300, matangi mawili kama lile letu la lita 1,000 na ziada.

Mama akauliza, "Na ndoo itajazwa na nani kwa siku hizo zote, wewe au mimi?"

Alikuwa ameanza kulegea. Kilichommaliza kabisa si hesabu yangu bali yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitia udhu kwa mudi moja na kuoga kwa pishi, na mudi haifiki lita moja. Mama alihesabu kwa vidole na kutangaza kwamba mfereji wetu ulikuwa ukimwaga kila siku udhu wa watu zaidi ya 20, nasi nyumbani tuko watatu. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeulegeza.

Asiyekaa Lamu huenda asielewe kelele zote hizi za nini. Maji ya mji huu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mchanga ule ule ambapo mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa. Mvua hunywea mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji chumvi kama samli juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni yao: kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 nyingine. Kanuni hiyo hufurahisha hadi uigeuze. Ukivuta maji mpaka yashuke mita 1, chumvi nayo hupanda kutoka chini kwa kadiri ya zile 40. Ndiyo maana visima vingi vya majumbani, vilivyochimbwa ndani ya mji wenyewe, maji yake ni ya kuogea na kufulia tu, na chai yake hainyweki. Na ndiyo maana maji huja kwa zamu, na kila mtu ana tangi juu ya paa.

Maji hayo hayo ndiyo huua mifereji. Fundi alinieleza kwa kipande kimoja cha chuma alichokitoa mfukoni na kumpa mpwa wangu aniletee: kilikuwa shaba ya manjano, lakini pembeni kilikuwa kimegeuka rangi ya waridi, na nilipokiminya kwa kucha kikavunjika kama kashata. Shaba ya mifereji ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Maji yenye chumvi huchomoa zinki polepole na kuacha shaba nyekundu iliyojaa matundu, umbo lile lile lakini bila nguvu. Kwa nje mfereji ni mzima. Ongeza chokaa, maana ardhi yetu ni matumbawe na maji yake huacha ukoko mweupe kila yanapokauka. Ongeza punje za mchanga zinazopita bombani. Mfereji wa siku hizi ambao mjini Nairobi ungekaa miaka mingi, hapa una bahati ukifika michache.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa sababu hawakuwa na mifereji. Choo cha juu kina birika la zamani, lililopigwa chokaa, na chini yake kimejengewa bakuli la kauri la Kichina. Humo walikuwa wakikaa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na birika lilipokauka bakuli lilibaki na maji ya kuwatosha. Ulichota kwa kata, ukajimwagia, basi. Birika halitoni. Babu alipotiliwa bomba ukutani, karibu na birika, inasemekana alikaa siku nzima akiufungua na kuufunga ule mfereji. Ndio huo huo niliokuwa nimeushika mimi, shaba nzito ya zamani ya nusu inchi, kishikio chake kama msalaba uliolainika kwa mikono ya vizazi vitatu.

Kabla sijaendelea nao, lazima niungame habari ya mfereji wa choo cha chini.

Mwaka juzi nilimletea baba zawadi kutoka Nairobi: mfereji unaong'aa kama kioo, wa kishikio kimoja, ule wa kuzungusha robo tu. Ndani yake hamna mpira. Muna visahani viwili vya kauri vilivyobanwa pamoja, vyenye tundu. Matundu yakikutana maji hupita, yakipishana maji husimama. Ni kitu kizuri, na kwenye maji safi hudumu sana. Baba aliushukuru, akaufunga kwenye choo cha chini cha wageni, na ule wa zamani aliouondoa akauviringa gazetini akauweka. Nilidhani ni ubahili. Baada ya miezi sita punje ya mchanga iliingia baina ya visahani na kuchora mstari, na mfereji ukaanza kutona. Nilizunguka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mzima, duka baada ya duka, kutafuta roho yake, yaani vile visahani, peke yake. Hakuna. Wanauza mfereji mzima, na kila mzima una roho ya umbo lake.

Fundi alipokuja kuung'oa, shingo ilivunjikia ukutani. Haikuwa shaba, ilikuwa zinki iliyopakwa mng'aro, kijivu ndani kama risasi ya nyavu. Ukuta wa matumbawe na chokaa si ukuta wa saruji: ukilazimisha kwa spana kubwa, bomba zima huzunguka ndani na kuta hubomoka. Mzee aliuliza kama tuna wembe wa msumeno wa chuma. Akaushika mtupu kwa kitambaa, akakata kipande kilichobaki ndani kwa mistari miwili iliyokaribiana, pole pole, asiguse hesi (mikato ya kukazia) za bomba, kisha akakipiga kwa bisibisi kikaporomoka kuelekea katikati. Nusu saa nzima, jasho linamtiririka, na baba amesimama nyuma yake akitikisa kichwa bila kusema neno juu ya zawadi yangu. Kisha akaenda kufungua lile gazeti.

Kwa hiyo siku ya eda fundi aliposema "usinunue kitu, fungua uliyo nayo", sikubishana.

Hatua ya kwanza ni kufunga maji, na hapo pekee tulipoteza asubuhi nzima. Valvu ya tangi haikuwa imeguswa tangu iwekwe. Nilipoikaza, kishikio kilianza kupinda. Nikampeleka mpwa wangu dakani, naye akarudi na amri: "Ami asema iwache kabisa, ikivunjika nyumba nzima itakosa maji." Badala yake tukasubiri tangi lishuke, nikainama ndani yake mpaka kwapani, na kuziba tundu la kutokea kwa mpini wa mwiko ulioviringwa kitambaa safi. Mama akasikia mwiko wake uko wapi. Hayo niyapite.

Siku hiyo hiyo ndipo mama alipomwita mpwa wangu kwa Kiamu, "Ndoo!", yaani njoo, na mtoto wa Nairobi akakimbia kuleta ndoo. Akaitwa tena, "Ndoo, nasema!", akaleta ya pili. Tulipofungua mfereji kumwaga maji yaliyobaki bombani, ndoo zote mbili zilifaa.

Kikombe cha kahawa kilichofudikizwa kilikuwa kimegandwa na chokaa. Spana niliyopewa ni ile ya kupanua na kufinya, ambayo mafundi wana jina lake lisilosemeka mbele ya mama mkwe kwa vile hukubali kila nati, na hata hiyo ilishindwa. Nusu ya kazi ilifanywa na ndimu. Nilikamulia ndimu mbili kwenye kitambaa, nikakifunga juu ya mfereji, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi ukoko ulikuwa umelainika na kutoa povu. Siki pia hufaa, ila nyumba yetu siki ni ya achari na sikuthubutu kuomba baada ya mwiko. Nikashika bomba kwa spana ya pili ili nguvu isiende ukutani, nikavuta, na kofia ikalia kama mlango wa zamani, ikafunguka.

Ndani nilimkuta baba.

Mpira wa mfereji haukuwa wa dukani. Ulikuwa umekatwa kwa wembe kutoka kwenye soli ya malapa, ya buluu, na chini yake kulikuwa na mwingine wa mpira wa ndani wa baiskeli, na juu yake uzi wa mshipi wa kuvulia umezungushwa kwenye shina mahali pa nyuzi za kuzibia. Nilivituma vyote chini kwenye sahani. Nikasikia mzee akicheka dakani, mara ya kwanza tangu aje kuhani, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka juu bila mtoto kuibeba, "Marehemu alikuwa akiniambia hana haja ya fundi!"

Soli ya malapa ni laini mno, alieleza. Huziba vizuri wiki ya kwanza, kisha hukaa umbo la inachokikalia na kuanza kupitisha. Mpira wa baiskeli ni mwembamba. Zamani, kabla ya mipira ya dukani, walikata ngozi, nayo kwa maji baridi ilikuwa bora kuliko vyote hivyo. Mpira wa dukani wa nusu inchi niliununua kwa bei isiyofika kahawa na kashata, nikauvisha, nikafunga, nikamwita mpwa wangu aondoe mwiko tangini. Nikakaza. To. To.

Nikakaza zaidi. To.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila mwenye nyumba akijue, kwa sababu ndicho huwafanya watu watupe mifereji mizima. Mpira ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kiti, ile duara ya shaba ndani ya mfereji ambayo mpira huikalia. Maji yanayopenya hapo kwa miezi, yakiwa na mchanga, hukata mfereji mdogo ndani ya mfereji. Ukibadilisha mpira kila wiki juu ya kiti chenye kovu, kila wiki utatona. Na mkono unaokaza kwa hasira huubana mpira mpya kwenye ncha ya kovu lile na kuukata siku hiyo hiyo. Nilitoa wangu nikaukuta tayari una mchoro kama kucha.

Ami akatuma ujumbe: funga maji tena, tia kidole ndani, zungusha polepole, uniambie umehisi nini. Nikafumba macho. Duara ilikuwa laini, laini, laini, kisha ukingo kidogo upande wa kushoto, kama jino la mtoto linaloanza kutoka. Mpwa wangu akaenda na maneno hayohayo, "kama jino". Alirudi na chombo nilichokuwa sijawahi kukiona: mti wa chuma wenye mkono kama herufi T, mwishoni kisahani chenye meno mafupi, na juu yake kofia ya hesi ya kukishikilia wima. Unakifunga mahali pa kofia ya mfereji, unakandamiza kidogo, unazungusha. Unasaga kiti mpaka kiwe bapa. Masharti yake matatu yalifika kwa safari tatu: usikandamize sana, zungusha upande mmoja tu, na kila mizunguko mitatu utoe, uoshe unga wa shaba, uguse tena kwa kidole.

Sijui nilizunguka mara ngapi. Niligusa, nikasaga, nikagusa. Choo kilikuwa na joto la kaskazi, ndani ya birika kuna buibui badala ya samaki, na mwanga wa dirisha dogo ulikuwa umehama kutoka ukutani hadi sakafuni. Kuna starehe fulani katika kuhisi kovu likipungua chini ya kidole ambayo mimbari ya darasa haijawahi kunipa. Mara ya mwisho duara ilikuwa laini yote.

Nikavisha mpira mpya wa pili, nikazungusha nyuzi za katani zilizopakwa mafuta kwenye shina badala ya mshipi wa baba, nikafunga kofia. Mwiko ukatoka tangini. Maji yakaja yakikohoa, kahawia kidogo, kisha safi. Nikafunga kwa vidole viwili, kama nilivyoagizwa, nikajizuia nisikaze. Tone moja. Nikasubiri. Tone la pili lilining'inia mdomoni mwa mfereji, likanenepa, likakaa hapo hapo.

Nilishuka mpaka nyuma ya mlango wa tekani nikamwambia fundi mwenyewe, bila mjumbe. Nilimuuliza malipo. Alisema hajafanya kazi yoyote, amekunywa kahawa. Mama akatuma sahani ya vibibi, na mpwa wangu akadai naye ana haki yake kwa ngazi alizopanda.

Wiki mbili baadaye nilijitia ufundi. Nikaufungua mfereji wa zamani wa choo cha chini, ule wa gazetini, nikausaga kiti na kuurudisha, lakini tepu nyeupe niliizungusha kinyume cha hesi. Kila nilivyokaza, ndivyo ilivyojikunja na kutoka nje kama utumbo wa samaki, na maji yakatiririka ukutani. Tepu hufuata upande ule ule unaokazia. Ukuta ule una alama ya unyevu mpaka leo, na chokaa yake inamenyuka kila nikiigusa.

Eda iliisha. Mama alioga, akavaa, watu wakaja, ubani ukafukizwa, na siku ya tatu yake fundi akabisha hodi kwa mara ya kwanza akitaka kuingia. Alipanda ngazi taratibu, mkono ukutani. Hakusema kitu. Alifungua mfereji wa juu kwa vidole viwili, akaufunga kwa vidole viwili, akainamisha sikio. Kisha akashuka, akapita jikoni kumwamkia mama, akasimama mbele ya mfereji wa jikoni ambao hakuna aliyekuwa ameulalamikia, na kupitisha kidole chini ya kishikio chake. Kidole kilitoka kimelowa.

"Huu haujatona bado," akasema, akinitazama mimi si mama. "Wavuja shinani. Spana uliiweka wapi?"